Sona hufa kwa mpira, si kwa kompyuta

Mhariri,

Habari za nyambizi magazetini hutupa bei ya chombo, urefu wake na makombora yake. Sona, yaani mtambo wa kusikilizia chini ya maji, hupata sentensi moja, vipuri vyake hata neno. Ilhali nyambizi ikishazama haina macho, ina masikio tu.

Sikio lenyewe ni hidrofoni, yaani kipande cha kauri kinachotoa umeme kidogo kinapobanwa na sauti. Kauri haifi upesi. Kinachokufa ni kinachoizunguka: mpira, mafuta, kebo na plagi.

Maji ya chumvi yakipenya, hata unyevu usioonekana kwa jicho, umeme ule huvuja. Chukua hidrofoni ya nanofaradi 10, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Ukinzani wake, yaani uwezo wa kuzuia umeme usivuje, ukishuka hadi megaomu 1, sauti zilizo chini ya hezi 16 hivi (mitetemo 16 kwa sekunde) huanza kufifia. Ukishuka hadi kiloomu 100, mpaka huo hupanda hadi hezi 160. Ubaya ni kwamba milio ya juu bado inaingia, kwa hiyo msikilizaji hana wasiwasi, kumbe ngurumo za panga zinazosukuma meli na za mitambo yake, ambazo ndizo zinazosafiri mbali, zimeshapotea. Kuandika "inafanya kazi" kwenye daftari la ukaguzi bila kupima kwa mega, yaani kipimo cha kuvuja kwa umeme, ni kujidanganya. Mega nayo ina masharti yake: ukipeleka volti 500 kwenye hidrofoni yenye amplifaya ndani, umeiua mwenyewe.

Maji hupenda kupitia kwenye plagi. Nyambizi hufungwa zinki ili chuma chake kisiliwe na kutu, lakini kinga hiyohiyo huzalisha alkali juu ya chuma cha plagi kinachogusana na maji, na alkali hubandua mpira. Utakuta mpira mzima na chuma kizima, ila ukivuta, mpira unachomoka kama soksi. Dawa yake ni kukipaka chuma tabaka lisilopitisha umeme kabla ya kukibandika mpira, na si kuongeza gundi.

Sasa ghalani. Oringi, yaani pete za kuzibia maji, zikiwa za mpira wa nitraili, kwa kawaida huhesabiwa miaka 15 tangu zilipotengenezwa, zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, gizani, mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni. Nyambizi hutumika miaka 30 na zaidi. Kasha la vipuri lililonunuliwa pamoja nayo litakuwa limepitwa na wakati katikati ya safari, hata kama halijafunguliwa. Mafuta ya mbarika yanayojazwa kuizunguka kauri hunyonya unyevu, kwa hiyo pipa lililokwisha kufunguliwa halifai kurudishwa rafuni hivihivi. Yanapojazwa, hewa ivutwe kwanza kwa pampu, maana povu moja dogo huirudisha sauti ilikotoka.

Kompyuta ni shida nyepesi. Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hutumia kompyuta za kawaida za sokoni kwenye sona zake na kuzibadilisha kila baada ya muda. Kadi za kompyuta hubadilishwa kutoka ndani. Hidrofoni iliyo nje ya bodi mara nyingi husubiri chombo kipandishwe chelezoni, na mpya lazima ilingane na wenzake kwa usikivu na kwa fezi, yaani wakati mawimbi yake yanapopanda na kushuka, la sivyo mwelekeo wa sauti unapotoka.

Mkiandika tena bei ya nyambizi, ulizeni pia tarehe zilizochapwa kwenye mifuko ya oringi.

Fundi wa vyombo vya chini ya maji