Barua ya Wazi kwa Waziri wa Biashara: Chakula Kisifike Kwenye Pipa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MATUNDA NA MBOGA ZINAZOTUPWA NA MADUKA MAKUBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wale wanaozunguka nyuma ya duka wakati wenzao wanaingia kwa mlango wa mbele. Sehemu kubwa ya matunda na mboga zinazoliwa nyumbani kwangu hazijalipiwa na mtu. Zimetolewa rafuni, zikatiwa kwenye mfuko mweusi, zikawekwa nje kusubiri gari la taka, nami nikazichukua kabla gari halijafika. Naandika hadharani kwa sababu kila suala hili linapofika mezani kwa wakubwa huwa linafika likiwa limevaa sare ya ulinzi: maduka yaongeze kufuli, yaongeze taa, watu wafukuzwe. Naomba safari hii lijadiliwe kama suala la chakula.

Nianze na kilichomo ndani ya mifuko hiyo, maana nina hakika anayeagiza kufuli hajawahi kufungua hata mmoja.

Chukua machungwa yanayouzwa kwenye mfuko wa wavu. Moja, lile la chini lililobanwa, limeota ukungu wa kijani. Majirani zake wawili wamepata unga wa ukungu huo juu ya ganda tu. Ukiwaosha na kuwakausha hawana neno. Yaliyobaki ni mazima kabisa. Lakini mfanyakazi wa zamu hana muda wa kukata wavu, kutoa bovu, kufuta mengine, kufunga upya na kupima tena. Mfuko unakwenda wote. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na maduka yameigeuza methali kuwa utaratibu wa kazi. Kwa samaki sibishani na wahenga. Kwa machungwa, fungua wavu uone mwenyewe.

Vingine hutupwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Hoho imeanza kukunjamana. Ndizi ina madoa, yaani imefikia pale inapokuwa tamu. Kabichi imenyauka majani mawili ya nje, ambayo hata ukiinunua leo utayabandua. Karoti ina miguu miwili. Mara nyingi hakuna kosa lolote: mzigo mpya umefika, nafasi hakuna, wa zamani unaupisha. Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii, nalo ni kwamba rafu inatakiwa ionekane imejaa hadi dakika ya mwisho kabla ya kufunga, kwa kuwa mteja hapendi kuchukua nyanya ya mwisho kwenye kreti. Humwona aliyeiacha kuwa alijua kitu. Ziada hiyo si bahati mbaya. Imepigiwa hesabu tangu mzigo ulipoagizwa, na bei yake imeshatiwa kwenye nyanya zilizouzwa.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika, Mheshimiwa. Chakula hiki kikitoka rafuni bado ni chakula. Kinachokiharibu ni pipa. Nyanya zinazoondolewa jioni zikiwa nzima hutupwa chini, zikaangukiwa na viazi, zikapasuka; juu yake humwagwa maziwa yaliyovuja, trei ya nyama inayochuruzika damu, chupa iliyovunjika, vumbi la kufagia sakafu. Baada ya saa mbili za joto, wakaguzi wa afya wanakuwa na haki kabisa ya kusema pasiguswe kitu. Mimi mwenyewe siligusi pipa lililochanganywa na nyama. Tunatengeneza hatari kwa mikono yetu, kisha tunaitumia hatari hiyo kama sababu ya kuweka kufuli.

Na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wapo wanaomwagia mboga dawa ya kufulia ili asiwepo wa kuzitamani. Sijui nilieleze vipi hili kwa lugha ya kiofisi. Mtu amelipwa mshahara, amepewa chupa, ameambiwa akaitie sumu kabichi.

Kuna watu watakaokwambia kwamba sisi tunapata vya bure na hatuna la kulalamikia. Bure hiyo ina kazi yake. Mzigo ukifika nyumbani haulali. Unamwagwa juu ya meza, unachambuliwa: vya kuliwa vibichi, vya kupikwa usiku huohuo, vya kutupwa kweli. Karoti au kabichi ikiwa na ukungu mahali pamoja, unakata kuingia ndani kama sentimita 2.5 kuzunguka sehemu hiyo, na kisu kisipite kwenye ukungu wenyewe. Kwa kuwa nyama yake ni ngumu, ukungu hausafiri mbali. Nyanya, pichi, zabibu, stroberi, vyote vilivyo laini vikiota ukungu havina mjadala, ni nje. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu ya solanini na kuchemsha hakuiondoi. Tikiti lililokwisha kukatwa silichukui hata likionekana zuri namna gani, maana kisu kikishapita ganda, bakteria wanapata njia na sukari kwa pamoja. Kopo lililovimba halifunguliwi, hata kwa udadisi. Ndizi, matofaa na parachichi hutenganishwa na mboga za majani, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayozifanya mboga zigeuke njano kabla ya wakati. Halafu nyanya zilizopasuka vizuri (kwenye kreti safi, si kwenye pipa) zinapikwa rojo, ndizi zinamenywa na kugandishwa, mboga zilizonyauka zinalowekwa kwenye maji ya baridi hadi zisimame tena. Mtu akimaliza hayo ni usiku mkubwa. Ujuzi huu ungeweza kufundishwa kwenye karatasi moja ikabandikwa ukutani, lakini leo kila kaya inaugundua peke yake, na wengine wanaugundua kwa kuumwa tumbo.

Najua watetezi wa maduka watakuja ofisini kwako na takwimu, na takwimu zenyewe ni za kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, 28 ilitoka mahotelini na kwa wapishi wa biashara, na maduka yalichangia 12 tu. Watakwambia: anza na majumba. Mimi nasema hiyo 12 ndiyo rahisi kuliko zote kuikamata. Taka za majumbani zimetawanyika kwenye mamilioni ya majiko, kila moja na kijiko kimoja cha wali uliobaki. Za duka ziko mahali pamoja, kwa saa ileile kila siku, mikononi mwa mtu aliye kazini na mwenye orodha ya alichokitupa. Kama serikali haiwezi kuanzia hapo, itaanzia wapi? Na nchi za dunia zilikwishaahidi, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kupunguza kwa nusu upotevu huu ifikapo 2030.

Wenzetu hawakukaa wakisubiri. Ufaransa ilipitisha sheria Februari 2016 inayokataza maduka yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, na kuyataka yafunge mkataba na mashirika ya misaada. Faini iliyowekwa wakati huo ilikuwa euro 3,750. Dawa ya kufulia imo humo, kwa maneno ya kisheria. Italia mwaka huohuo ilichagua njia ya upole: ikapunguza makaratasi ya kutoa msaada wa chakula na kuziruhusu halmashauri kupunguza ushuru wa taka kwa anayetoa. Binafsi naipenda zaidi njia ya Italia kwa maduka madogo na ya Ufaransa kwa makubwa, ila hilo nakuachia wewe na wanasheria wako.

Ujerumani nako kuna somo, la upande wa pili. Mwaka 2018 wanafunzi wawili wa kike walichukua vyakula kwenye pipa lililofungwa la duka moja huko Bavaria. Mahakama iliwatia hatiani kwa wizi, ikawapa kazi za kijamii kwa muda wa saa 8 na faini ambayo wangeilipa kama wangerudia. Wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Katiba, nayo mwaka 2020 ikakataa. Hoja ilikuwa kwamba duka bado ni mmiliki wa kilichomo pipani hadi gari la taka likichukue. Kisheria inawezekana wamesema sawa. Ila tazama sheria inapotufikisha: mtu aliyekitupa kitu ana haki ya kukilinda kisiliwe.

Hofu ya kweli ya mameneja, ukizungumza nao bila kamera, ni kushtakiwa. Mtu akila akaugua, duka litaburuzwa mahakamani. Hofu hiyo ina tiba. Marekani iliiondoa tangu 1996 kwa sheria inayomkinga mtoaji wa chakula kwa nia njema, isipokuwa akifanya uzembe mkubwa au akikusudia kudhuru. Awali kinga hiyo ilihusu chakula kinachopitia mashirika yasiyo ya faida. Mwaka 2023 ikapanuliwa, na duka linaweza sasa kumkabidhi mhitaji mkononi bila malipo, likabaki na kinga yake. Naomba msisitizo uwekwe hapo, kwa sababu sheria nyingi za aina hii huishia kwa mashirika, na kaya zinasahaulika. Shirika linahitaji gari, jokofu, jengo, mhasibu. Mzigo wa mboga unaoondolewa usiku haungoji vitu hivyo vyote. Jirani mwenye kikapu anafika kwa miguu.

Tena, tusisahau wazo lilitoka wapi. Benki ya kwanza ya chakula, ile ya John van Hengel huko Phoenix, Arizona, mwaka 1967, inasimuliwa kwamba ilizaliwa baada ya mama mmoja mwenye watoto wengi kumweleza kuwa anawalisha kwa vinavyotupwa nyuma ya duka, na kwamba ingefaa pawepo mahali pa kuviweka na kuvichukua, kama ilivyo kwa fedha. Leo benki hizo zina maghala na bodi za wakurugenzi. Aliyeleta shauri alikuwa mchakuraji.

Ombi langu halihitaji ghala. Kila duka kubwa liweke kreti safi kando ya mlango wa nyuma, chini ya paa, na matunda na mboga zinazoondolewa rafuni ziwekwe humo badala ya pipani. Kwa muda maalumu baada ya kufunga, anayetaka achukue. Kinachobaki kiende kwa wafugaji au kwenye mbolea, kwa sababu kikizikwa dampo kinatoa methani, na hapo hasara inakuwa ya kila mtu. Nyama, maziwa na vilivyokwisha kukatwa visiingie kwenye kreti kabisa. Hivyo vina taratibu zake na sitaki kuviombea urahisi. Kuharibu chakula kwa makusudi kuwe kosa. Na mfanyakazi wa duka aruhusiwe kuchukua kwanza, maana yapo maduka yanayomfukuza kazi mfanyakazi kwa kubeba tofaa alilotumwa akalitupe.

Watasema watu wataacha kununua. Nami nawauliza, waliwahi kumwona mteja wao pale nyuma? Mwenye pesa na haraka hatasimama gizani kungoja hoho zilizokunjamana asizoweza hata kuzichagua. Leo kuna karoti tupu, kesho hakuna kitu, keshokutwa maembe kreti nzima. Huwezi kupanga mlo wa wiki kwa utaratibu huo. Mimi bado nanunua mafuta, chumvi, mchele na sabuni, tena kwa duka hilohilo.

Jambo moja nakuomba usilifanye. Usiligeuze hili kuwa mradi wa maskini wenye fomu, foleni, fulana na mpiga picha. Wengi wetu tutaacha kuja, na wale ambao hawataacha watakuja wakiwa wameinamisha vichwa. Kreti haimuulizi mtu kipato chake. Vilevile usiitumie kreti kama jibu kwa wanaodai mishahara inayotosha chakula. Hayo ni madai mengine, na nitakuandikia juu yake kwa wakati wake.

Majibu yako si lazima yaje kwa barua. Rasimu ya kanuni ikitoka na ikawa na kipengele kinachosema duka laweza kutoa moja kwa moja kwa kaya, nitajua umesoma. Na kama wataalamu wako wanataka kujiridhisha kabla ya kuandika, waje wenyewe nyuma ya duka lolote muda mfupi baada ya kufungwa, na glovu, mizani na taa ya mkononi. Wasitangulize taarifa kwa meneja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa mlango wa nyuma

Nakala: Mameneja wa maduka makubwa, zamu ya usiku