Nimemdhamini kaka, mume hajui, na fomu ya mkopo wa nyumba inauliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama kijacho. Mimba ina wiki 19, ndiyo ya kwanza. Mimi na mume wangu wote tumeajiriwa na bado tunapanga, na tangu tumbo lianze kuonekana yeye ameshikilia kwamba mtoto asizaliwe kwenye nyumba ya mtu. Anasema sasa hivi hati zetu mbili za mshahara zimenona. Nikishaingia likizo ya uzazi, moja itakonda na benki itatukataa. Kwa hiyo tuombe mkopo upesi, kabla sijajifungua.

Tulienda. Afisa mikopo alitueleza kwamba kwao marejesho yote ya mwezi, ya nyumba pamoja na madeni ya zamani, yasivuke asilimia 40 ya mishahara yetu. Mkopo wa gari unakula 11, umebakiza miezi 14. Kadi ya mkopo inakula 6, na hiyo ni aibu yangu mwenyewe, maana kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini tu na deni halisogei. Zinabaki 23 za nyumba. Mume wangu akaona zinatosha.

Usiku nikapiga hesabu yangu. Katika kila 100 inayoingia kwetu, 45 ni yangu. Mwajiri atanilipa miezi 3 ya likizo. Nikikaa zaidi, silipwi. Mwezi ambao sitalipwa, ile 40 yote itatoka kwenye 55 ya mume wangu. Hiyo ni asilimia 73 ya mshahara wake, Shangazi, na hapo hatujanunua hata nepi. Nilipomwonyesha, akasema basi tuchukue mkopo wa miaka 25 badala ya 20. Nikapiga na hiyo. Kwa riba ya asilimia 10 tuliyotajiwa, rejesho linashuka kwa karibu asilimia 6 tu, ilhali jumla tutakayolipa inapanda kutoka mara 2.3 ya mkopo hadi mara 2.7. Tena riba yenyewe haibadiliki kwa miaka 3 ya mwanzo tu.

Tuna akiba ya malipo ya awali. Mimi ningependa tuimege tumalize kadi, maana riba yake inazidi zote, na gari pia ikiwezekana. Yeye hataki kusikia: tukiigusa, mkopo utakuwa mkubwa zaidi na huenda benki ikatuongezea riba. Hapo nanyamaza, kwa sababu naona na yeye anasema kweli.

Hayo labda tungeyamaliza wenyewe. Kinachoninyima usingizi ni ukurasa wa tatu wa fomu.

Kuna kisanduku cha idadi ya wategemezi. Mume wangu kaniambia niandike 0, mtoto hajazaliwa, si uongo. Haya. Lakini chini yake kuna swali: je, umemdhamini mtu yeyote katika mkopo?

Nimemdhamini kaka yangu, kabla sijaolewa. Ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza chuo, ningemkataliaje? "Ni sahihi tu, mdogo wangu, wewe hulipi chochote." Mume wangu sikumwambia, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuanza. Juzi nikaomba taarifa yangu ya mikopo kimyakimya. Dhamana ipo pale kwa jina langu, na kaka amechelewesha rejesho mara 2 mwaka huu. Benki wakilihesabu deni hilo kuwa langu, linachukua asilimia 9 nyingine. Zile 23 zinakuwa 14, na nyumba tuliyoiona hatuipati.

Kuacha swali wazi hakutanisaidia. Benki nao watavuta taarifa hiyohiyo, na naogopa mume wangu asije akalisikia jambo hili kwa afisa mikopo, mimi nikiwa nimekaa kando yake.

Nilimpigia kaka nikamwomba atafute mdhamini mwingine. Kasema nitulie, anamalizia. Anamalizia lini, hakusema, na mkopo wake una miaka 2 mbele.

Fomu iko kwenye droo, kurasa 2 zimejaa, ya tatu nyeupe. Kila jioni naulizwa imefikia wapi, nami nasingizia kichefuchefu, ingawa kilikwisha zamani.

Shangazi, nimwambie mume wangu sasa, au kwanza nimbane kaka anitoe kwenye dhamana ili nimpelekee habari iliyokwisha? Na huo mkopo wenyewe, tuukimbilie kabla ya mtoto, au tuendelee kupanga tumalize kadi na gari, tuombe nikisharudi kazini? Nikimshauri tusubiri, naogopa atadhani nilikuwa natafuta pa kuficha deni la kaka. Na sina uhakika kama atakuwa amekosea.

Mama Kijacho