Ukali wa zabibu mwitu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, hasa pale ulipoeleza kwamba mvinyo wako wa zabibu mwitu ulitoka mkali hata meno yakafa ganzi, nawe ukaumwaga wote. Nimesikitika, kwa sababu kwa jinsi ulivyoueleza naamini ulikuwa haujaharibika. Ulichokionja ndicho zabibu mwitu zilivyo, na kazi yote ya kuzitengeneza, kwa maoni yangu, ni kazi ya kuutawala ukali huo.

Zabibu za shambani zimechaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka ili ziwe tamu na zenye maji mengi, lakini za mwituni hazikuchaguliwa na mtu. Punje zake ni ndogo kama njegere, ganda lake ni nene, ndani zimejaa mbegu, sukari yake ni kidogo na asidi yake ni nyingi. Hamira inapofanya kazi huila sukari na kuigeuza kileo na hewa ya ukaa, ila asidi karibu yote huiacha palepale. Kwa hiyo utamu uliokuwa ukiufunika ukali huondoka, na ukali hubaki peke yake. Ndiyo maana maji ya zabibu uliyoyaonja siku ya kwanza ukayaona yanavumilika, baada ya mwezi yakawa hayanyweki.

Dawa ya kwanza ni subira wakati wa kuchuma. Usichume punje zikishageuka rangi tu. Ngoja hadi baadhi zianze kusinyaa kwenye kishada, kwa maana asidi hupungua kadiri tunda linavyoiva. Dawa ya pili ni maji. Najua wako wanaoona kutia maji ni kughushi mvinyo, na kwa zabibu za shambani huenda wana haki, lakini zabibu mwitu bila maji ni adhabu. Mimi kwa kilo 3 za punje zilizotolewa vikonyo hutia lita 2 na nusu za maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na sukari robo tatu ya kilo. Usikadirie sukari kwa macho, kwa sababu gramu 17 hivi katika kila lita huzaa takriban asilimia 1 ya kileo, na kilo nzima ingekupa kinywaji kizito ambacho hamira huenda ikashindwa kukimaliza.

Ulisema ulitumia mashine ya kusagia. Hapo, rafiki yangu, ndipo ulipojiongezea tabu, kwa sababu mbegu zikisagwa hutoa uchungu na ukakasi usioondoka kwa urahisi. Ponda kwa mkono, taratibu, mpaka kila punje ipasuke tu. Lakini vaa glavu. Mwaka wangu wa kwanza niliponda kwa mikono mitupu, na viganja viliniwasha siku mbili mfululizo, maana asidi ile inachoma ngozi kweli.

Baada ya hapo tia hamira ya mvinyo, kisha funika ndoo kwa kitambaa safi ili inzi wadogo wasiingie. Siku ya pili au ya tatu utakuta maganda yote yamepanda juu yakafanya tabaka zito la zambarau, na ukisogeza sikio utasikia mchirizo mwembamba wa povu chini yake. Lishindilie tabaka hilo kwa mwiko asubuhi na jioni, kwa sababu likiachwa likauke juu huota ukungu, na vijidudu vya siki hupenda mahali hapo penye hewa. Baada ya siku 5 hadi 7 chuja, kamua maganda bila kuyanyonga sana, umimine katika chupa kubwa ya glasi yenye kizibo cha mrija unaotoa hewa bila kuingiza nyingine. Kuanzia siku hiyo hewa ni adui. Jaza chupa mpaka karibu na shingo.

Sasa inakuja dawa ya tatu, ambayo ni muda na ubaridi. Mashapo yakitulia chini, hamisha mvinyo kwa mpira mwembamba uyaache nyuma, na rudia hivyo kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ukiweza kuuweka mahali penye baridi kali kwa wiki chache, utaona chini ya chupa chembe zinazometameta kama vipande vya kioo. Usiogope: hiyo ni chumvi ya asidi ya tatariki, asidi kuu ya zabibu, imeganda na kujitenga, na kila chembe iliyoanguka ni ukali uliopungua kinywani mwako. Mimi sionji kwa nia ya kuhukumu kabla ya miezi 6, na mvinyo wangu uliokuwa bora kuliko yote ulikaa mwaka mzima. Usiutie katika chupa ndogo kabla haujanyamaza kabisa, kwani hewa iliyofungiwa huweza kupasua chupa.

Jambo moja ndilo lililonifanya niharakishe kukujibu. Uliandika kwamba mwaka huu umeona mzabibu mwingine, usiokuwa na vikonyo vya kujisokota vya kushikia miti. Usichume huko hadi uhakikishe. Upo mtambaazi wenye sumu, wenye matunda meusi ya vishada kama haya, lakini kila tunda lake lina mbegu moja bapa iliyopinda kama mwezi mwandamo, ilhali zabibu huwa na mbegu kadhaa zenye umbo la tone. Pasua punje kumi kutoka matawi mbalimbali, utazame mbegu zake kwa makini, kisha uniandikie umeona nini kabla hujaonja hata moja.

Rafiki yako akupendaye.