Usiku wa Jumamosi ulinipita nikiwa Kigomasha

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua, hii siyo lawama ni ombi tu.

Mwezi wa nane nilikua Pemba kwenye harusi, zikabaki siku mbili nikasema niende Ras Kigomasha, kule ncha kabisa ya kaskazini, ukishatoka Konde unapita na boda ndani ya msitu wa Ngezi, giza la miti mchana kweupe, halafu ghafla bahari hii hapa. Ijumaa asubuhi nikapatana na nahodha mmoja anipakie nikaone wanavyovua dagaa kwa taa. Akaniuliza lini, nikamwambia usiku wa Jumamosi, akasema haya inshaallah, nikamwachia elfu ishirini.

Jioni ileile ya Ijumaa nikakaa zangu karibu na mnara wa taa, ule wa chuma wa tangu 1900. Jamani. Mi nakaa Tabata, jua kwetu linazamia nyuma ya ghorofa la jirani basi, kule linashuka upande wa bara na mkondo wote unageuka rangi ya shaba iliyosuguliwa, na lenyewe likikaribia maji linabonyea chini kama kitumbua kilichokosa hamira. Wala halikawii, dakika mbili tatu kwisha, unabaki wekundu, popo wale wakubwa wa Pemba wanaanza kupita mmoja mmoja, adhana inasikika kwa mbali. Chini ufukweni kuna mtu alikua anapiga mluzi na kumulika tochi, nikajua anaita mwenzake, nikaendelea kupiga picha mpaka simu ikazima.

Jumamosi jioni nikateremka na sweta langu, chombo hakuna. Nikamkuta mzee anafunga madema.

"Shikamoo mzee, namtafuta nahodha, tulipatana usiku wa Jumamosi."

"Marahaba. Usiku wa Jumamosi si jana mwanangu? Wamekungoja wee mpaka wakachoka. Leo jua likishakuchwa ni usiku wa Jumapili."

Kumbe! Yaani tangu utoto nasema saa moja usiku, saa mbili usiku, sijawahi kujiuliza kwanini hesabu inaanza jua likizama, kumbe kwa wenyewe siku nayo inaanzia hapohapo magharibi, usiku unatangulia halafu mchana wake unafuata.

Sasa ombi langu. Nyie magazeti huwa mnaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", mi nilidhani ni kurefusha maneno tu. Siku hizi naona vichwa vya habari vinakata, eti "usiku wa Jumamosi", sasa msomaji wa Wete ataelewa lake na wa Dodoma lake. Rudisheni hilo neno kuamkia, halili nafasi kubwa.

Nahodha alinirudishia elfu kumi na tano, tano kakata ya mafuta ya mashine kwa kunisubiri, na sikubisha.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam