Anayebadilisha oili mwenyewe aweke ushahidi wa waranti

Mhariri,

Wenye magari mapya wengi wanaamini kwamba ukimwaga oili mwenyewe nyumbani, waranti ya injini imeisha hapo hapo. Kwa waranti nyingi za watengenezaji, si kweli. Wanachotaka ni sevisi ifanyike kwa wakati, kwa oili ya kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari, na mwenye gari aweze kuonyesha kwamba ilifanyika. Marekani ina sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida hairuhusu mtengenezaji kushurutisha mteja atumie oili, filta au gereji yenye jina fulani ili waranti yake isimame, labda awe anampa vitu hivyo bure. Waranti za nyongeza zinazouzwa kando na zile za magari yaliyotumika zina masharti yake, na baadhi hukubali gereji zilizoidhinishwa tu. Hizo zisomwe kabla boliti haijaguswa.

Wengi wanakwama kwenye ushahidi. Injini ikianza kugonga kwa sababu beringi zimeliwa, mkaguzi wa madai atauliza ilitiwa oili gani, kiasi gani, tarehe gani, gari likiwa na kilomita ngapi. Risiti ya dukani inajibu nusu. Inaonyesha dumu lilinunuliwa, lakini haisemi liliishia kwenye injini ipi. Na kama imeandikwa "oili 1", haisemi chochote.

Kwa hiyo risiti iandikwe uzito wa oili (yaani wepesi wake wa kutiririka, kama 5W-30, si kilo), kiwango chake, ujazo na namba ya filta. Uzito peke yake hautoshi. Oili mbili zinaweza zote kuwa 5W-30, moja ikiwa ya kiwango cha zamani cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) kiitwacho SL na nyingine API SP, kilichoanza kutumika 2020. SP iliongezewa majaribio ya kulinda mnyororo wa taimingi na kuzuia mlipuko wa mapema ndani ya silinda, tatizo la injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Kitabu kikitaja SP, au idhini maalumu ya mtengenezaji, mkaguzi ataitafuta namba hiyo hiyo.

Ujazo nao huwaponza watu. Kama injini inameza lita 4.4 pamoja na filta na risiti zako zote ni za dumu moja la lita 4, kila risiti inakushitaki kwamba uliendesha gari oili ikiwa pungufu. Nunua ya kutosha, tuseme lita 5, na inayobaki iandikwe: "lita 0.6 imebaki, itatumika kuongezea."

Karatasi za mashine za kaunta zina udhaifu ambao wengi hawaujui. Maandishi yake hutokana na joto, na joto hilo hilo huyaharibu. Ndani ya droo ya dashibodi, gari likishinda juani, risiti inaweza kuwa nyeupe kabla waranti haijaisha. Mifuko ya plastiki laini pia huyafuta, na ukiipitisha kwenye mashine ya laminesheni inageuka nyeusi yote. Itoe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida siku uliyonunua, uipige na picha. Kwenye fotokopi andika kwa kalamu namba ya gari, kilomita na tarehe ya kubadilisha, hasa kama oili ilinunuliwa miezi kadhaa kabla.

Siku ya kazi, picha ya kwanza iwe ya dashibodi inayoonyesha kilomita, ifuatiwe na ya namba ya chesisi. Kisha yapige picha madumu kabla hayajafunguliwa, lebo ya nyuma na namba ya toleo vikisomeka, na filta mpya kando ya ile ya zamani. Hapa picha inasaidia kazi yenyewe. Filta ya kopo, ile inayofungwa kwa kuzungushwa, ikifunguliwa, raba yake ya zamani wakati mwingine hubaki imeganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, raba mbili zinakaa pamoja, presha ya oili inazisukuma nje, na injini inaweza kumwaga oili yote kwa dakika chache. Ukiipiga picha filta ya zamani ikiwa na raba yake, umejikagua na umeweka ushahidi kwa mara moja. Raba mpya ipakwe oili kidogo, na filta ikazwe kwa mkono, kwa kawaida robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa. Juu yake andika tarehe na kilomita kwa maka.

Boliti ya sampu, yaani ya kumwagia oili kwenye bakuli lililo chini ya injini, ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kwa spana ya kupimia mkazo, na washa yake (pete ya kuzuia kuvuja) iwe mpya. Magari mengi madogo huangukia kati ya Nm (newton-mita) 25 na 40. Andika kipimo ulichotumia, kwa sababu sampu ya alumini ikiliwa nyuzi kwa kukazwa kupita kiasi, hakuna waranti itakayoilipa.

Picha hizo zihifadhiwe kama zilivyotoka kwenye simu. Zikipitishwa kwenye programu za kutumiana ujumbe, mara nyingi tarehe na saa iliyofichwa ndani yake hufutwa.

Daftari la kumbukumbu za sevisi nalo lijazwe siku ile ile. Kurasa za miaka 3 zilizoandikwa kwa mkao mmoja na kalamu moja zinajulikana, na zinaharibu hata kumbukumbu za kweli. Muda uhesabiwe kwa kilomita na kwa miezi, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa: gari linalotakiwa sevisi kila miezi 12 au kilomita 10,000 likitembea 4,000 tu kwa mwaka bado linadaiwa oili. Safari fupi fupi, vumbi na kuvuta tela huliingiza kwenye ratiba ya mazingira magumu, ambayo mara nyingi ni nusu ya muda huo. Taa ya kukumbusha kubadilisha oili (si ile nyekundu ya presha) isikupotoshe. Kwenye magari mengi haipimi oili, kompyuta inakadiria tu kwa mwendo na joto la injini.

Safu ambayo karibu kila daftari inaikosa ni ya kuongezea. Kila ukitia nusu lita kati ya sevisi, andika kiasi na kilomita. Injini inayokula oili inaweza kuharibika hata kama sevisi zote zimekamilika, na bila safu hiyo huwezi kudai kwamba inakula kupita kiasi, wala kuonyesha kwamba hukuiacha ikauke.

Ombi langu kwa watengenezaji na wauzaji: chapisheni kwenye kitabu cha sevisi ukurasa wa mwenye gari anayejifanyia kazi, mkitaja ushahidi mtakaoukubali. Hadi hapo, mwenye gari aulize kwa maandishi kabla ya sevisi ya kwanza, na jibu alifunge pamoja na risiti zake.

Msomaji wenu,
Fundi wa magari