YAH: Malalamiko kuhusu sato wazazi ambao viinitete vyao haviishi

Ndugu Meneja Mkuu,

Kwa heshima, na kwa subira iliyobaki kidogo, ninawaandikia kuhusu samaki aina ya sato, wazazi wa kuzalisha vifaranga, mlioniuzia kwa bei ya mbegu bora. Masharti yenu ya mauzo mnayajua wenyewe.

Mayai ninayoyatoa mdomoni mwa majike hawa, wanakoyaatamia, huwa ya manjano safi, huonyesha vidoa viwili vyeusi vya macho, kisha mengi hugeuka meupe na kuoza ndani ya chupa ya kutotoleshea. Yai lililokwisha kuota macho lilirutubishwa. Kulijua hilo hakuhitaji shahada. Nilipoileta chupa hiyo ofisini kwenu, afisa mauzo aliisukuma kwa ncha ya kalamu na kuniambia mbele ya wateja, "Mama, kasafishe maji yako kwanza, samaki hawana ukoo."

Maji yangu! Mayai ya sato wa jirani yangu yalikuwa katika chupa ya pembeni, kwa maji yaleyale na pampu ileile, nayo yaliangua vizuri. Tena siku mliponiletea samaki hao nilimwonyesha dereva wenu kwamba baadhi yao hawana miiba ya mbele ya pezi la mgongoni, akasema wameumizwa na wavu. Jeraha la wavu halirithiwi, ilhali vifaranga wachache waliosalimika wana pezi lilelile. Tangu mwaka 1983 imeelezwa kuwa perege wa buluu, ndugu wa karibu wa sato, anaweza kubeba badiliko la kinasaba ambalo nakala yake moja huharibu pezi hilo na nakala mbili huua, hivyo wabebaji wawili wakipandishwa, robo ya watoto hupotea. Kwangu hasara inapita robo, ndiyo maana ninashuku kuwa mmekuwa mkipandisha ndugu kwa ndugu hadi kasoro nyingine zilizojificha zikakutana.

Narudia, kwa kuwa hamkuwapo: chupa ilisukumwa kwa kalamu hadi ukingoni mwa meza, maji yakalowesha risiti yenu wenyewe, na kijana yule hakuinama hata mara moja kutazama kilichomo. Mteja aliyecheka nyuma yangu alikuwa akisubiri kupakiwa wazazi kutoka bwawa lilelile mlikotoa samaki wangu.

Ninadai nirudishiwe fedha zote. Ninadai pia gharama za chakula na thamani ya vifaranga wa msimu mzima, pamoja na rekodi za ukoo wa samaki hao, kama zipo. Bwawa lile lisiuze mzazi hata mmoja kabla ya vipimo vya vinasaba, ambavyo mtavilipia ninyi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, barua hii itafika Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Tume ya Ushindani, na sampuli nilizohifadhi katika spiriti zitaenda kwa wakili wangu. Afisa mauzo naye aniombe radhi kwa maandishi.

Wenu,
Mfugaji wa samaki, Mwanza