Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: upele ni wa nyumba nzima

Mheshimiwa Waziri,

Mama wa Likoni akipeleka zahanati mtoto anayejikuna usiku kucha, huandikiwa dawa ya mtoto yule peke yake. Chumbani wanalala sita. Baada ya wiki chache mtoto anarudi vilevile, na lawama zinamwangukia mama kwamba hamwogeshi.

Sabuni haina kosa hapo. Utitiri wa upele, kijidudu kisichoonekana kirahisi kwa macho (si ule wa kuku), huchimba ndani ya ngozi, na anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 hawashwi, huku anawaambukiza wenzake. Kwa hiyo wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja, anayejikuna na asiyejikuna.

Hebu tupige hesabu. Krimu ya permethrini ya asilimia 5, dawa inayoua utitiri: mtu mzima humaliza kama gramu 30 kwa mpako mmoja, na mipako ni miwili, wiki moja kati yake, yaani kama gramu 60 kwa kila mtu mzima. Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, baina ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Watoto wachanga hata kichwani. Ikae usiku kucha, na akinawa mikono apake tena. Wengi hupaka panapowasha tu, ndipo dawa inapopotea bure. Nguo na shuka, kwa wanaonunua maji kwa mtungi, badala ya kufuliwa zifungwe kabisa mfukoni siku zisizopungua tatu. Utitiri haudumu nje ya mwili.

Dukani nako huuzwa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, dawa inayotuliza muwasho bila kuua utitiri. Mtu huona nafuu, vipele hubadilika sura, utitiri huzidi kuzaana. Na mhudumu aliyefunzwa kwa picha za ngozi nyeupe anatafuta wekundu, ambao kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Atazame vifundo vya mikono, kwapa na matako.

Tunaomba dawa iandikwe kwa kaya. Tunaomba pia vidonge vya ivermektini, dawa ya kumeza ya kuua utitiri, vilivyomo tangu 2019 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa upele: mikrogramu 200 kwa kila kilo, mara mbili. Wajawazito na watoto wasiofika kilo 15 wabaki na krimu. Madrasa za bweni, ambako wanafunzi hulala pamoja, ziwe za kwanza kupewa.

Mwisho, upele uhesabiwe kwa jina lake. Ukiandikwa "ugonjwa wa ngozi" tu, bohari ya dawa itajuaje iagize dawa gani, na kiasi gani?

Wahudumu wa afya ya ngozi,
Mombasa